Kwa mama wa miche, Mabogini: anapima mbegu kabla hajagusa trei

Kitalu hiki hakina kibao wala jina la biashara. Ukishuka kwenye gari za TPC, zile za njia ya kiwanda cha sukari, pale Mabogini, mwambie bodaboda akupeleke kwa mama wa miche. Atakuvusha mfereji na kukushusha penye neti nyeupe nyuma ya migomba. Nimepeleka mbegu zangu pale misimu miwili sasa, nyanya, hoho na mara moja saladi, na nimeona niandike kwa urefu kidogo, maana huduma anayoitoa yule mama sijaikuta kwingine Moshi hii. Kabla hajasia mbegu yako, anaipima. Na hapimi kuota tu, anapima nguvu.

Nianze na kilichonipeleka. Mwaka jana mwezi wa pili nilikodi nusu ekari nikanunua makopo ya nyanya chotara kwenye duka moja la pembejeo mjini, sitalitaja. Kopo moja lina mbegu 1,000 na lilinitoka kwa zaidi ya shilingi 80,000. Lebo ilikuwepo, tarehe ilikuwa bado, asilimia ya kuota imeandikwa 85. Nikasia mwenyewe nyumbani Pasua. Mbegu ziliota, siwezi kusema hazikuota. Tatizo ziliota kwa mafungu: hizi wiki ya kwanza, zile wiki ya pili, nyingine nilikwishazikatia tamaa ndipo zikachungulia. Ilipofika siku ya kupandikiza, miche mingine ina majani matano yaliyokomaa, mingine miwili tu, na yote ni ya siku moja.

Waliolima kwa mfereji huku chini wanajua maana yake. Maji ni ya zamu. Zamu yako ikifika unalowesha shamba zima na unapandikiza hapo hapo, mche ambao haujawa tayari hausubiriwi na mtu. Nilipandikiza mikubwa, midogo nikairudisha kivulini. Zamu iliyofuata ikakuta mingi imerefuka kama uzi, inajilaza. Shamba likawa na nyanya za rika mbili. Hizi zinataka kufungwa kamba, zile zinataka palizi. Hizi zimeanza kuiva, zile ndiyo kwanza zinatoa maua. Mnunuzi wa matenga alikuja mara moja, akaangalia, akasema nimwite mzigo ukiwa wa kujaza gari. Haukujaza gari.

Nilirudi dukani kulalamika. Dada wa kaunta aliniuliza swali moja tu: "Kaka, zimeota au hazikuota?" Nikasema zimeota. "Basi mbegu ni nzima." Nikaondoka bila jibu. Jibu nilikuja kulipata Mabogini.

Mama mwenyewe ni mtu mzima. Alifanya kazi miaka mingi maabara kwenye kampuni ya mbegu upande wa Arusha, sasa amestaafu. Msimu huu, mwezi wa tano mwishoni, nilimpelekea makopo ya nyanya ya aina ileile, kampuni ileile, ila nimeyanunua maduka mawili tofauti na loti zake, yaani mizigo iliyofungashwa pamoja, ni tofauti. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye kigoda, halafu badala ya kuniuliza nataka miche mingapi akaanza kuniuliza habari za maduka.

"Marahaba mwanangu. Hili duka lina dari au ni bati tupu?"

Nikamwambia moja lina dari na mbegu zimefungiwa kabatini. La pili ni bati tupu, na makopo yamepangwa dirishani yanaangalia jua la jioni.

"Na hilo la dirishani umelikuta limekaa muda gani?"

Hapo sikujua. Nilidhani ananichunguza bure, kumbe ndipo kazi yake inapoanzia. Alinieleza kanuni ya zamani wanayoitumia watu wa mbegu: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake ghalani unakuwa kama mara mbili, na joto la mahali inapokaa likipungua kwa nyuzi kama 5, vilevile. Ukiigeuza kanuni hiyo unaona jinsi dirisha lenye jua la Moshi linavyokula mbegu huku tarehe kwenye kopo ikiwa bado changa. Kitunguu ndicho kinachokufa haraka kuliko mboga nyingi, nyanya inavumilia. Lakini kuvumilia si kutozeeka.

Kwenye daftari lake aliandika "kabatini" na "dirishani", nami nitayaita hivyohivyo.

Kipimo cha kwanza ni cha kawaida. Maabara wanaofuata taratibu za ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu kilichoanzishwa 1924, hupima mbegu 400, mafungu manne ya 100. Yule mama hafanyi hivyo kwa mbegu chotara, kwa sababu ni za mteja na ni ghali. Anachukua 100 kwa kila loti, mafungu manne ya 25. Anakunja karatasi laini tabaka tatu, anailowesha na kuikamua mpaka isidondoshe tone, anapanga mbegu kwa kibanio cha nyusi, mistari mitano ya mbegu tano, anafunika na kutia kwenye kidumu cha plastiki chenye mfuniko. Vidumu vinakaa chumba cha nyuma chenye kipimajoto ukutani. Nyanya anaitaka kati ya nyuzi 20 na 30. Kwa taratibu za maabara nyanya huhesabiwa siku ya 5 na tena siku ya 14. Yeye anahesabu kila siku, asubuhi, kabla hajanywa chai.

Nilikwenda siku ya nne nikaangalia mwenyewe. Kidumu cha kabatini alipokifungua, mbegu 74 kati ya 100 zilikuwa zimetoa vimizizi, vyeupe, vimenyooka, vinakaribiana urefu. Cha dirishani zilikuwa 19. Ningeondoka siku ile ningesema ile mbegu imekufa. Siku ya saba kabatini ikafika 91, dirishani 70. Siku ya kumi na nne kabatini 93, dirishani 88. Unaona? Mwishoni tofauti ni mbegu tano. Kwa sampuli ya mbegu 100 tofauti ya tano au sita inaweza kuwa bahati tu, na mama aliniambia hivyo bila kuficha. Mtu aliyekuja siku ya mwisho peke yake angesema loti zote mbili zinafaa, na dada wa kaunta angekuwa na haki ya kuniuliza lile swali lake.

Lakini mama hakuishia kwenye 93 na 88. Alimwaga miche yote juu ya sahani nyeupe ya bati, akavaa miwani, akaanza kuitenga. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba kuota na kuhesabiwa kuwa umeota ni vitu viwili. Mche unaohesabiwa lazima uwe na mzizi mzuri, shina lililonyooka na majani mawili ya mwanzo yaliyo mazima. Kulikuwa na mmoja umetoa shina na majani lakini mzizi wake ni kinundu kifupi cha kahawia, kama ncha ya kijiti iliyoungua. Mwingine shina limejikunja pete na ganda la mbegu limenasa kwenye majani. Mwingine shina lake lilikuwa la maji, ukiligusa kwa kibanio linapasuka. Yote hiyo kwenye macho yangu ilikuwa imeota. Yeye aliiweka pembeni. Kabatini ilitoa mibovu 3, ikabaki 90. Dirishani ilitoa 7, ikabaki 81.

Nikamuuliza kwa nini siku ya nne inampa hofu kuliko siku ya mwisho. Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Mbegu inavyozeeka, ngozi nyembamba za ndani ya chembe zake zinachakaa na kuvuja, na vitu vingine vya ndani vinaharibika. Ikipata maji, kabla ya kusukuma mzizi nje inalazimika kwanza kujitengeneza. Mbegu changa ina kidogo cha kutengeneza, inatoka mapema. Iliyochoka inatumia siku mbili tatu kwa matengenezo, nyingine inayamaliza ikiwa imeishiwa, na ndizo zile zenye mzizi wa kinundu. Kwa hiyo loti inayochelewa kutoa mizizi ndiyo hiyo hiyo itakayotoa miche isiyolingana. Kuchelewa kwake ni dalili, na huonekana mapema, wakati asilimia ya mwisho bado ni nzuri. Anasema hata maabara kubwa siku hizi wanahesabu vimizizi mapema ili kujua nguvu ya loti. Kwa mbegu za figili, kwa mfano, huhesabu baada ya saa 48 kwenye nyuzi 20.

Kipimo chake cha pili ni cha kuitesa mbegu. Anachukua mbegu 50 kwa kila loti, anazilaza kwenye kipande cha neti juu ya maji ndani ya chupa iliyofungwa, zisiguse maji, kisha chupa inakaa siku tatu kwenye sanduku lenye balbu, joto karibu nyuzi 40. Baadaye anaziotesha kama kawaida. Ni uzee wa miaka kwa siku tatu. Maabara wanaufanya hasa kwa maharage ya soya, nyuzi 41 kwa saa 72. Mbegu ndogo za mboga zinanyonya unyevu haraka na si kwa kulingana, kwa hiyo matokeo yanayumba. Ndiyo maana yule mama hakupi asilimia ya kipimo hiki kama ahadi. Analinganisha loti kwa loti, chupa moja, siku moja. Zangu: kabatini ziliota 40 kati ya 50, dirishani 17.

Sasa ukweli wa trei. Alisia zote mbili kwenye trei za matundu 200. Udongo wake ni mboji iliyochekechwa, makapi ya nazi na pumba za mpunga zilizounguzwa, ambazo huku Mabogini hazina bei, unajiokotea mashineni. Siku ya tisa trei ya kabatini ilikuwa na miche 183 imefungua majani. Dirishani 121. Siku ya kumi na nne dirishani ilifika 158, lakini ile iliyochelewa ilikuwa imekwishafunikwa na wenzake. Trei ni ya kumwagiwa maji mamoja: ukimwagilia kwa kipimo cha mikubwa, midogo inakaa kwenye matope na kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la mche, kinaingia, ukipunguza, mikubwa inanyauka saa nane mchana. Niliona tundu kwa tundu vile vidogo vikikatika shingoni.

Mama alikataa kunioteshea loti ya dirishani yote. Alisia trei moja tu ya mfano, makopo mengine akanirudishia. Niseme kweli, siku ile nilikasirika, maana ni pesa yangu na miche hailipwi naye. Leo namshukuru kwa ule ukaidi. Mwezi wa saba, siku ya 27 tangu kusia, nilibeba trei za kabatini kwenye Toyo, zamu ya maji ikafika kesho yake, tukapandikiza asubuhi na jioni tukamaliza. Mistari yote rika moja. Tulifunga kamba wiki moja, tukaweka mbolea siku moja, na nilipoanza kuchuma, mnunuzi alijaza matenga kwa mchumo mmoja. Ile trei ya mfano niliipanda mpakani, na hadi mwisho ilikuwa inajifuata yenyewe, mche mmoja kiunoni, wa pili yake gotini.

Kuhusu saladi, hili ni fupi lakini linaonyesha umakini wake. Mwezi wa pili nilimletea mbegu ya saladi nikiwa nimeshajiaminisha kwamba nimeuziwa takataka, kwa sababu nyumbani haikuota hata moja. Aliigawa mafungu mawili: moja akaliacha chumbani, siku hizo kipimajoto kilikuwa juu ya 30, jingine akaliweka karibu na mtungi wa maji, pabaridi. La chumbani lilibaki kimya. La mtungini liliota karibu lote siku tatu. Mbegu ya saladi ikikuta joto kali inagoma, haijafa. Nilikuwa nimekwenda tayari kugombana na duka ambalo halikuwa na kosa lolote.

Yasiyoniridhisha pia yapo. Hatoi karatasi ya matokeo, unapiga picha daftari lake kwa simu, na mwandiko ni wake mwenyewe. Hapokei simu asubuhi. Masika njia ya kuvuka mfereji inakuwa tope tupu na bodaboda wanakataa, utabeba trei kichwani mita kama mia mbili. Hoho inakuweka siku kumi na nne kusubiri majibu, kwa hiyo aliyezoea kununua mbegu leo na kusia kesho atamwona anachelewesha. Na kuna mambo ambayo vipimo vyake havioni: havitakuambia kama kopo ni chotara kweli au limechakachuliwa, wala kama mbegu imebeba ugonjwa wa bakteria au virusi. Kwa hayo bado unahitaji kununua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na kutunza risiti. Yeye mwenyewe anasema hivyo kwa kila mteja, na mbegu isiyo na lebo haipokei kabisa.

Nadhani wenye maduka wangefaidika kuliko hata sisi wakulima wakimpelekea sampuli kila mzigo unapokaa miezi kadhaa. Yule mwenye kabati na dari nilimwonyesha picha za daftari, akafurahi, akaniuliza pa kumpata. Wa dirishani nilimwonyesha pia, kwa heshima, bila ugomvi. Alisoma namba mpaka mwisho, akaniuliza kama kweli ni jua. Nikamwambia siwezi kuapa, pengine loti ilikuja imechoka kutoka ghala la mbali. Jioni ile nilipopita tena makopo yalikuwa bado dirishani.

Bei niliyolipa mimi: kupima loti moja shilingi 5,000, na ukiotesha kwake inakatwa kwenye malipo. Kuotesha mbegu yako mwenyewe shilingi 40 kwa mche uliosimama, si kwa tundu, na miche iliyodumaa haitozi. Nusu inalipwa siku ya kusia. Nyota nne kati ya tano, ya tano naiweka akiba mpaka aanze kutoa majibu kwa maandishi yanayosomeka.

Ukienda, nenda kabla ya saa tatu asubuhi akiwa bado anahesabu. Peleka mbegu ndani ya kopo lake lenye lebo, usizihamishie kwenye karatasi, na njiani usiziweke kwenye boksi la nyuma la pikipiki. Mwambie ulinunua wapi, lini, na kopo lilikuwa limekaa upande gani wa duka. Mimi Jumanne nampelekea vitunguu, loti mbili. Kitunguu kinahesabiwa siku ya 6 na ya 12, lakini mimi nitakwenda siku ya nne.